Wanaokataa Toleo Jipya Si Wajinga

Swali ambalo wageni wa kituo chetu cha vijana wanauliza sana siku hizi ni hili: mmeletewa vitabu vipya, vizuri, vyenye picha za rangi, kwa nini kila Jumamosi mnarudi kwenye kile cha zamani kilichong'oka jalada? Wanauliza kwa upole. Lakini ndani ya ule upole kuna wazo kwamba mtu akikataa kitu kipya ni kwa sababu hajakielewa, na akifanyiwa semina kidogo atakipokea. Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, basi leo najibu kwa kalamu.

Kwanza kwa wale wanaopita dirishani na kudhani tunacheza kamari. Hatuchezi kamari. Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons, sisi tunasema D&D. Watu watano au sita wanakaa mezani. Mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali mlipo: pango, mto, lango la mji lililofungwa usiku. Wengine kila mmoja ana mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi, ana jina, ana nguvu, ana akili, ana deni kwa mtu fulani. Unasema mhusika wako anafanya nini, na jambo likiwa na mashaka unarusha dadu ya pande 20. Hakuna mshindi. Hadithi moja inaweza kwenda mwaka mzima. Kanuni ziko kwenye kitabu, na kitabu ndicho kinachobadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Ugomvi huo ni wa zamani kuliko mimi. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, vijitabu vitatu ndani ya boksi. Mwaka 1989 likaja toleo lililoitwa la pili. Miaka ile wazazi na makanisa mengi ya kule waliuogopa mchezo, walisema unafundisha watoto mambo ya shetani, na kampuni ikaona bora ipunguze kelele: majina ya mashetani yakaondolewa, muuaji wa kulipwa akaondolewa kwenye orodha ya wahusika, na nusu-orki naye akaondolewa. (Mashetani walirudi baadaye kwa majina mapya ambayo ulimi wangu umeshindwa kuyatamka.) Mtu aliyetaka majina ya zamani aliyatumia tu nyumbani kwake. Nani angemkamata? Mchungaji mmoja wa hapa kwetu alishaniuliza swali lilelile la wazazi wale, nikamkaribisha akae asikilize. Alikaa saa mbili. Mwishoni alitaka kujua kama lango lilifunguka.

Mwaka 1997 kampuni ya kwanza, TSR, ilinunuliwa na Wizards of the Coast. Mwaka 2000 hao wapya wakatoa toleo la tatu, na walifanya mambo mawili ya busara. Walitoa kijitabu cha bure cha kukusaidia kumhamisha mhusika wako wa zamani, na walitoa leseni ya wazi, inaitwa OGL, iliyoruhusu mtu yeyote kuandika na kuuza hadithi zake akitumia kanuni zile. Kelele zilikuwepo, lakini watu wengi walihama. Halafu miaka mitatu tu baadaye, 2003, likaja toleo la 3.5. Hapo mtu aliyejaza rafu nzima alianza kufanya hesabu.

Ila mwaka wa kuutazama vizuri ni 2008, toleo la nne. Niseme wazi kwamba mimi silioni kuwa kitabu kibaya. Kwa usafi wa maandishi linazidi yote. Katika toleo la tatu mpiganaji wa upanga akifika ngazi za juu anabaki kama mpagazi wa mjuzi wa uchawi, maana mjuzi ana jibu la kila kitu. (Mezani kwetu tunasema mjuzi. Hatusemi mchawi, neno hilo limewafukuzisha watu nyumbani kwao na wengine wao wako hapa.) Toleo la nne liliwapa wahusika wote mbinu kwa mpango mmoja: zipo za kutumia kila mara, zipo za mara moja kwa pambano, zipo za mara moja kwa siku. Kila mtu ana la kufanya zamu yake ikifika. Ni haki, na iko wazi.

Sasa kwa nini watu walilikataa kata kata? Wenyewe walisema linafanana na gemu za kompyuta, na kwamba huwezi kupigana bila ramani ya miraba na vinyago. Sawa, ni kweli kwa kiasi, lakini hayo ni ya juu juu. Mtu haachi mchezo wa miaka ishirini kwa sababu ya miraba. La ndani zaidi ni kwamba safari hii mhusika wa zamani hakuhamishika vizuri. Kanuni zilikuwa tofauti mno. Mwanamke uliyemcheza miaka minane, mwenye kovu ambalo wote mezani wanajua lilitoka wapi, hakuwa na pa kukaa kwenye karatasi mpya. Hata mbilikimo wa kichawi anayeitwa nomu, ambaye watu walimzoea, hakuwemo kwenye kitabu cha kwanza cha wachezaji, alionekana kwenye kitabu cha viumbe wa kupigana nao.

Na dunia yenyewe iliguswa. Ipo dunia ya kubuni inayoitwa Forgotten Realms ambayo meza nyingi huitumia. Toleo la nne lilipokuja, waandishi walileta janga kubwa la uchawi na kuisogeza tarehe mbele kwa karibu miaka 100. Halruaa, nchi iliyojaa wajuzi, ikalipuka. Wafalme ambao wachezaji waliwatumikia wakawa wamekufa zamani. Mji uliouokoa mwaka jana, ukifungua kitabu, ni magofu, na hakuna aliyekuuliza.

Wewe msomaji wa hapa sina haja ya kukufafanulia jambo hilo. Tofauti ni kubwa, najua, yale ni makaratasi na yetu yalikuwa mapaa ya nyumba. Lakini nimewaeleza vijana kisa hicho mara moja tu na mezani palikuwa kimya. Halafu mmoja akasema, "Bale batu njo waliandika, lakini beye hawakuwa wanaishi mule." Walioandika hawakuwa wanaishi mle. Sijasoma uhakiki wa toleo la nne unaozidi sentensi hiyo.

Waliokataa hawakukaa wakilia tu. Ilikuwepo kampuni ndogo, Paizo, ambayo hadi 2007 ilikuwa inachapisha majarida mawili ya mchezo huu, Dragon na Dungeon, mpaka ruhusa ikaisha. Toleo la nne lilikuja na leseni nyingine yenye masharti makali zaidi. Paizo wakachukua zile kanuni za 3.5, ambazo leseni ya wazi ya 2000 ilikuwa bado inaziachia, wakazirekebisha, wakawaalika wachezaji wazijaribu na kutoa maoni, na mwaka 2009 wakatoa mchezo wao unaoitwa Pathfinder. Wachezaji walioambiwa kwamba nyumba yao ya zamani imefungwa wakahamia pale. Pathfinder ikawa mshindani mkubwa wa D&D yenyewe. Kumbe leseni ile ilikuwa ufunguo wa akiba, na watu hawakujua kwamba wanao mpaka mlango ulipofungwa.

Mwenye mchezo alijifunza, angalau kwa muda. Toleo la tano lilijaribiwa hadharani kuanzia 2012, wachezaji wakatoa maoni, likatoka 2014. Mengi ya ile dunia iliyoharibiwa yakarudishwa. Ndilo toleo tunalocheza sisi. Halafu Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya ambayo ingeibana ile ya 2000. Wachezaji wakakasirika, wengi wakafuta malipo yao ya kila mwezi kwenye huduma ya mtandao ya kampuni, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kufanya zaidi ya kurudi nyuma: ikaziachia kanuni za msingi za toleo la tano chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haifutiki. Maana yake kwa sisi? Mtu yeyote anaweza kuzinakili, kuzibadilisha, kuzitafsiri, mradi ataje zimetoka wapi. Ipo hata nakala ya Kifaransa, na imetusaidia sana sisi tuliosoma Kongo. Daftari letu la kanuni kwa Kiswahili ni halali kabisa, na uhalali huo tumeupata kwa sababu watu wa mbali waligoma. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema wachezaji hawa ni wakaidi tu wasiopenda mabadiliko, nashindwa kunyamaza.

Sasa turudi kwenye meza yetu na toleo la 2024, hilo lenye picha nzuri. Vitabu vikuu ni vitatu, na bei yake Marekani ni karibu dola 50 kimoja. Sisi tumepewa bure, sawa, na tunashukuru kweli. Ila gharama yetu sisi haiko kwenye bei. Vijana wangu wengi hawajawahi kuwa na kitabu chao. Kanuni wamezishika kichwani. Yupo msichana wa miaka 16 ambaye anajua bila kufungua kitu chochote umbali wa kila mshale na kila uchawi wa ngazi ya kwanza. Wakubwa wanamuuliza yeye. Mtoto ambaye shuleni anakaa nyuma, Jumamosi ndiye maktaba. Ukimletea toleo jipya umemrudisha darasa la kwanza pamoja na wengine, na kitabu kipya anacho mtu mwingine, kabatini, chini ya kufuli.

Chukua shambulio la ghafla, ambalo vijana wanalipenda kuliko yote. Kwa kanuni ya 2014, adui uliyemvamia bila yeye kujua hatembei wala hafanyi kitendo katika zamu yake ya kwanza. Kwa kanuni ya 2024, adui huyo anapojua zamu yake ni ya ngapi anarusha dadu mara mbili na kuchukua namba ndogo, basi. Wanaotetea toleo jipya wanasema kanuni ya zamani ilikuwa kali mno, pambano liliisha kabla halijaanza, na kwa hesabu ni kweli. Lakini vijana wetu walitumia Jumamosi mbili nzima kupanga namna ya kuingia kambi ya majambazi bila mbwa kubweka. Kanuni ya zamani inaulipa mpango huo. Ile mpya inaulipa nusu na kumwachia dadu nusu nyingine. Hapo mimi niko na wakaidi.

Ila kuna mahali siko nao.

Kitabu cha 2014 kinakutaka uchague mhusika wako ni wa watu gani, na watu hao ndio wanaokupa nyongeza. Tulipotafsiri, neno lililokuja haraka lilikuwa kabila. Mtu wa msituni anapata mbili kwenye wepesi. (Kwa Kiingereza jina lake likiandikwa Kiswahili linakuwa elfu, na kila mara mtu anauliza elfu ngapi, kwa hiyo tukamwita mtu wa msituni.) Nusu-orki anapata mbili kwenye nguvu na moja kwenye ustahimilivu. Na kitabu kingine cha 2016 kilichomruhusu mchezaji kuwa orki kamili kilimpunguzia mbili kwenye akili. Yaani umezaliwa, bado hujafanya lolote, karatasi tayari inasema akili yako pungufu, na nguvu zako za kubeba nyingi.

Nilipowasomea hiyo, kijana mmoja aliuliza, "Nani aliwapima?" Alicheka, wengine hawakucheka. Mezani kwetu wanakaa Wakongomani wa pande ambazo hazisalimiani, Warundi, Wanyarwanda. Kila mmoja ana nyumbani kwao hadithi ya nani mrefu, nani mjanja, nani amezaliwa kutawala na nani amezaliwa kubeba. Tunajua hadithi hizo zinaishia wapi, na si lazima niandike.

Kampuni yenyewe iliifuta ile hasara ya akili ya orki mwaka 2020, na mwaka huohuo ikaruhusu nyongeza zihamishwe. Toleo la 2024 limemaliza kazi: lile neno la mbari limeondolewa, sasa inasemwa aina ya kiumbe, na nyongeza za nguvu na akili zinatoka kwenye maisha uliyopitia. Mkulima, mlinzi, mwandishi, msafiri. Wapo wachezaji waliolalamika sana, eti dunia ya kubuni isiyo na makabila mabaya haina ladha, eti siasa zimeingia mchezoni. Hoja hiyo nimeipindua pindua nitafute kilicho kizuri ndani yake, na nilichokuta ni mtu aliyezoea kuwa upande wa wanaopima. Kukataa kwa namna hiyo hakulindi meza ya mtu yeyote. Kunalinda kiti.

Kwa hiyo kanuni hiyo ya 2024 tuliipokea siku ileile, bila semina.

Lakini hata hapo kitabu kipya kimetuangusha sehemu moja. Nusu-orki na yule nusu-mtu wa msituni hawamo tena kwenye kitabu cha wachezaji cha 2024. Orki kamili amepata nafasi, nafurahi, ila wenye wazazi wa pande mbili wameondoka. Neno "nusu" lilionekana linampunguza mtu. Naielewa nia hiyo. Yule msichana wa maktaba, baba yake ni wa huku na mama yake ni wa kule, na kwa sababu hiyo ndugu wa pande zote mbili walimkataa kabla hajajifunza kutembea. Mhusika wake tangu siku ya kwanza ni nusu-mtu wa msituni. Alipopekua kitabu kipya na kumkosa, aliuliza kama ni kurasa zimechanika. Kama neno ndilo baya, si wangebadilisha neno? Wamempumzisha mtu ili waepuke jina lake. Kwenye daftari letu yeye mwenyewe amependekeza "mwenye nyumba mbili", na ndivyo tunavyoandika.

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, najua mnayo ripoti ya kujaza, na kwenye ripoti "vitabu vipya vinatumika" inapendeza kuliko "vijana wamechukua ukurasa mmoja na kuacha kurasa mia tatu". Shirika moja lilifikia kutuambia kwamba msaada wa mwaka ujao utategemea kama tumehamia kwenye toleo jipya. Sijui kama aliyeandika sharti hilo amewahi kucheza. Nyie mnatuona tunakataa. Sisi tunaona tumesoma, tukachagua. Kazi ya kuchagua ilituchukua miezi miwili, mstari kwa mstari, Kiingereza na Kifaransa vikiwa wazi kwenye simu mbili. Nyongeza za maisha: tumechukua kutoka 2024. Shambulio la ghafla: tumebaki 2014. Mwenye nyumba mbili: wetu. Nomu: vijana wamegawanyika, tutapiga kura.

Na mkiuliza tunahitaji nini, tunahitaji dadu. Za pande 20 zimebaki mbili, na moja imelika kona, wachezaji wanasema inapenda 17 na sasa kila mtu anaigombania. Pia madaftari, yale ya kurasa 200 yenye jalada gumu. Letu limebakiwa na kurasa nne.